Kitambaa cha Bi Hamida

"Ruta ya intaneti imekufa, dada, nunua mpya," fundi alisema kutoka chini ya meza, alikokuwa akikagua waya.

Binti yake Bi Hamida akashika kichwa. Steshenari yao ya Tandika ilijaa wanafunzi, na maombi ya chuo yanafungwa leo saa kumi.

Bi Hamida akaigusa ruta. Ilikuwa ya moto kama kikaango cha chapati, chini ya kitambaa alichoifumia mwenyewe juzi ili ipendeze. Mama wee!

Akakisokomeza kifuani haraka, akaipepea ruta kwa pindo la kanga.

"Hebu izime uiwashe tena, mwanangu," alimwambia fundi.

Taa ya kijani ikawaka. Wanafunzi wakashangilia.

"Fundi, mikono yako ina baraka!" Bi Hamida alisema, kitambaa bado kikimuunguza titi.