Bila Mume Hakuna Shauri

Paschal aligeuka tena kutazama njia. Nyuma yao hakukuwa na mtu, ni mawe tu na nyasi kavu, na chini kabisa pikipiki zilizowaleta kutoka Butiama.

"Haji," alisema akicheka. "Marieta, mumeo ameuogopa mlima."

Marieta alipanda peku, kama mlima ule unavyotaka. Mbele yake bibi Bhoke alikazana bila kupumzika, Gloria amelala mgongoni mwake.

Paschal alimkodolea macho mtoto. Masikio yale yalikuwa yake, paji la uso lilikuwa lake. Ndoa yake kule Makoko, Musoma, haikuwahi kumpa mtoto. Damu yake pekee duniani ilikuwa imefungwa kwenye kanga ya mtu mwingine. Leo angeshuka nayo, wapende wasipende.

Sheria alikuwa ameambiwa. Wanaogombea mtoto hupanda pamoja, wakasema kweli mbele ya jiwe la kileleni. Bila mume hakuna shauri: asipofika, mtoto huchukuliwa na mwanamume aliyemzaa.

"Mwambie mama mkwe wako apunguze mwendo. Atamwangusha mwanangu."

"Mwambie mwenyewe," alisema Marieta. "Ulipokuwa unakujaga kula ugali wake mbona mdomo ulikuwa nao?"

"Ugali alinipikia mwenyewe. Mlango alinifungulia mwenyewe. Mama gani anamfanyia mwanawe hivyo?"

Bibi Bhoke alitema mate pembeni. "Muuza nyavu, tunza pumzi. Huku hakuna mtumbwi wa kukubeba."

Paschal alifika kileleni nyayo zikimvuja damu. Kutoka pale ziwa lilionekana kama bati lililosahauliwa juani. Alilitafuta duka lake. Akaitafuta nyumba yake ya ghorofa, ambayo wapita njia husimama kuitazama. Hakuona kitu. Mji mzima uliomwita bosi ulikuwa doa la kijivu ambalo angeweza kulifunika kwa ukucha. Hilo likamzidishia hasira.

Ngolo, mtunza mlima, alikuwa amekaa kando ya jiwe ndani ya koti la mvua. Hakumsalimia mtu.

"Nani alimzaa huyu na Marieta?"

"Mimi." Paschal alilipiga jiwe kwa kiganja. "Akatae kama anaweza."

"Ni yeye," alisema Marieta. "Sikatai."

Paschal aliitazama njia kwa mara ya mwisho. Ilikuwa tupu hadi chini. Akamnyooshea bibi Bhoke mikono.

"Lete mtoto. Mwanao amekuachia aibu."

Bibi Bhoke hakusogea.

"Ngoja," alisema Ngolo. "Mume amefika?"

"Mume gani? Huna macho? Njia si hiyo hapo, haina hata mbuzi!"

Ngolo hakuitazama njia. Alikuwa akimtazama bibi Bhoke, ambaye alimweka Gloria sawa mgongoni, akasogea, akaweka kiganja chake juu ya jiwe.

"Nimefika," alisema. "Mwana wa kiume sikujaliwa. Ng'ombe za mahari nilitoa mimi, Marieta nikamwoa mimi, kama mila yetu inavyoruhusu. Na huyu muuza nyavu nilimchagua mimi azae naye, kwa urefu wake tu."