Kisanduku Juu ya Tangi

Samaki Mwekundu alishuku hata kivuli chake mwenyewe. Bi Mwanaidi alipotaka kusafiri, alisogeza kidogo mfuniko wa tangi la kioo, akabana hapo kisanduku cha umeme cha kuwamwagia samaki chakula, akaenda zake.

Asubuhi kisanduku kikanguruma, kikamwaga punje.

"Msile!" Mwekundu akawafokea wenzake. "Tangu lini kitu kisicho na mikono kikalisha watu bure?"

"Mimi nimekula, na nipo," akasema Konokono, aliyeganda kiooni.

"Sumu ya leo huua kesho."

Paka, aliyekuwa akisikiliza juu ya kabati, akaitikia kwa upole, "Kweli kabisa, ndugu yangu. Hata mimi silielewi dude hilo. Mtu mwangalifu kama wewe angelilinda kwa karibu."

Mwekundu akafurahi kumpata mwenye akili. Akapanda juu, akakaa chini ya kisanduku, akakikodolea macho. Nyuma yake ulikuwepo ule mwanya wa mfuniko. Paka akapitisha mkono.

Konokono akangoja maji yatulie, kisha akaiendea punje nyingine.

"Maskini," akasema. "Alikilinda kisicho na kucha, akampa mgongo mwenye nazo."