Mshono wa Mama Mkwe

Mshono ule haukuwa wake.

Fundi makochi aliinama nyuma ya kochi kuukuu la kijani, pale kwenye karakana yake ya nyumbani, akaupapasa kwa kidole gumba. Yeye hushona harakaharaka, mishono mirefu, bora kitambaa kishike. Huu ulikuwa wa mishono midogomidogo, umenyooka, kazi ya mtu aliyezeekea kwenye cherehani. Aliufumua kwa wembe, akapenyeza mkono ndani ya sponji, akaitoa chupa. Jana aliiacha imejaa. Leo ilikuwa nusu.

Mkewe hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano. Fundi wa kushona namna hii, nyumba nzima, alikuwa mmoja tu: mama mkwe.

Balaa gani hili! Siku mtoto wao wa mwisho alipozaliwa, fundi alimwapia mkewe kwamba pombe basi. Mke hakupandisha sauti. "Nikiinusa tena kwako, nachukua watoto wangu naondoka." Mama mkwe akaja kumsaidia binti yake na kichanga, akakaa. Naye fundi, kwa kujipendekeza, akamwonyesha kochi lilelile la maficho yake, maana ndilo pekee lisilokuwa la mteja. "Hili ni lako, Mama. Jinyooshe mchana, hakuna atakayekusumbua." Ulimi hauna mfupa.

Tangu hapo ikawa vita vya kimya. Yeye anaweka, mama anamwaga. Anaweka nyingine, nayo inapungua. Aihamishie wapi? Mkewe hufagia kila pembe ya nyumba ile, isipokuwa pale anapojilaza mama yake. Na kila mara mshono unarudi umenyooka, kana kwamba mtu anamwambia: nimekuona.

 Mezani mama anatafuna karafuu zake, eti jino linamuuma, kisha anamgeukia binti yake: "Mume wako ana moyo, mwanangu. Mshike." Fundi alisikia kijembe, akainamia sahani yake.

Jumamosi mama alitokea karakanani amevaa gauni la kutokea.

"Baba, nisindikize mahali. Mwenzako nimemwambia tunakwenda kuangalia hili jino."

Fundi akaweka nyundo chini. Mama mkwe hakataliwi, na huyu alikuwa ameishika nyumba yake mkononi. Neno moja tu kwa binti yake, watoto wameondoka.

Mama alikuwa amesikia redioni kwamba kuna ukumbi karibu na kiwanda cha magodoro; wa nini, hakusema, ila fundi alihisi unamhusu. Fundi aliijua mitaa ile vizuri, ndiko anakonunua sponji, lakini alinyamaza. Wakipotea, na wapotee. Mng'arisha viatu akawaelekeza kwenye ukumbi wa wanakwaya. Wanakwaya wakawarudisha barabarani. Jua lilikuwa kali, na fundi alianza kupata matumaini.

Ndipo mama alipoingia duka la dawa, akainamia kaunta.

"Mwanangu, kuna watu hukutana huku. Wanasaidiana kuacha pombe. Wako wapi?"

Muuza dawa alimtazama fundi, juu mpaka chini.

"Nyuma ya gereji, Mama, mlango wa bluu. Pole sana. Mungu atamsaidia."

Mama alifungua mdomo kutaka kusema kitu, akaufunga. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze na viatu vyake.

Kwenye mlango wa bluu mama alisimama. Aligusa kitasa, akaurudisha mkono. Fundi akaona upenyo.

"Mama, kama umechoka turudi. Tutakuja siku nyingine."

"Tukirudi leo, baba, hakuna siku nyingine. Nishike mkono."

Akamshika. Lo! Tangu lini mtu akatembea barabarani ameshikana mkono na mama mkwe? Vidole vya mama vilikuwa na nguvu, na fundi alijiona kama mtu anayepelekwa kituoni.

Ndani kulikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa duara na birika kubwa la chai. Mama alichagua viti vya mbali, akamkalisha fundi upande wa ukutani, yeye akakaa upande wa kutokea. Mlango ukafungwa. Msimamizi, dereva wa lori mstaafu, akauliza kwa upole kama kuna mgeni anayetaka kujieleza, halazimishwi mtu.

Fundi alijua yamemfika. Akikaa kimya, mama atamsema. Mama akimsema hapa, hata nyumbani atasema. Bora aseme mwenyewe, kisha ampigie mama magoti amsitiri. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.  Akainuka nusu.

"Mimi..."

Mkono wa mama ukamkandamiza begani. "Kaa, baba. Wewe umebeba ya kutosha."

Akasimama yeye.

"Mimi ni bibi wa wajukuu saba, na pombe imenishinda. Mume wangu alikufa hajui. Binti yangu hajui. Anayejua ni huyu mkwe wangu peke yake, na yeye mwenyewe aliacha, hagusi hata tone. Alinipa kochi lake, akanifichia chupa ndani, nisije nikaaibika vilabuni. Ikipungua ananiwekea nyingine, anashona, hasemi neno. Anaona haya kunikatalia. Ndiyo maana nimemleta, nimwambie mbele yenu." Akamgeukia, machozi yakimtoka. "Mwanangu, usininunulie tena."

"Mkwe wa namna hii siku hizi hayupo," alisema mtu, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia fundi makofi.