Jirani Hana Pingamizi

Kwa mara ya tatu wiki ile, Fundi alikuwa amepiga magoti katika shamba la jirani, akilipima kwa utepe wa kupimia viuno.

Utepe ulikuwa na urefu wa mita moja na nusu. Shamba lilikuwa na upana wa mita sabini. Mtu mwingine angetumia kamba, lakini Fundi alikuwa ameshona suruali za watu kwa miaka arobaini na hakuamini kipimo kingine chini ya jua. Kila baada ya vipimo vinne alikaa juu ya jiwe kupumzisha magoti. Mawe hayakuwa haba. Kama mawe yangelika, shamba lile lingelisha jeshi.

Mkewe alikuwa barazani, ng'ambo ya ua wa miiba, akichambua maharage na kumtazama kwa macho ya mtu anayesubiri mvua ikatike.

"Limeongezeka?" alimwuliza aliporudi.

"Liko vilevile."

"Basi na wewe tulia vilevile. Keti."

Mashamba yalikuwa sita, yamepangana mstari mmoja kati ya barabara na kijito. La kwao lilikuwa namba tatu. Hati ilisema hivyo, na hati ilikuwa sandukuni, chini ya mashuka ya wageni. Sasa namba nne, lililopakana nao, lilikuwa linauzwa. Mwenyewe alikuwa mtu wa mbali ambaye hakuwahi kulitia jembe hata siku moja. Kwa desturi ya pale, jirani hupewa nafasi ya kwanza. Akikataa, hutia saini kwamba hana pingamizi, ndipo auziwe mwingine.

Walikuwa wamelijadili kwa wiki mbili, hadi neno lenyewe likawachosha taya. Kulinunua kulimaanisha kuuza ng'ombe wawili na vyerehani vyote vitatu, pamoja na kile ambacho Fundi aliapa atazikwa nacho. Kutolinunua kulimaanisha kumsubiri jirani asiyejulikana. Mkewe alikuwa akiwaongeza majirani hao mmoja kila siku: mfuga nguruwe, mchomelea mageti, mwenye ukumbi wa muziki. Hawakutaka makuu. Walitaka kuzeeka kwa amani katika nyumba waliyoijenga tofali kwa tofali, kwa miaka kumi na minane, na ambayo choo chake kilikuwa kimepata mlango mwaka jana tu.

Fundi hakuwaogopa majirani. Aliogopa jembe. Mgongo wake ulikuwa umeshawasilisha barua ya kustaafu, na magoti yaliunga mkono hoja.

"Nani atalilima?" aliuliza.

"Watoto."

"Watoto gani? Hawa wanaopiga simu kuuliza kama mahindi yameshaiva?"

Mkewe aliendelea na maharage yake.

Dalali alikuja Jumatano, mtu mnene mwenye viatu vyeupe ambavyo hakuwa tayari kuvipeleka mbali zaidi ya baraza. Alisema mwenye shamba amemhakikishia kwa simu kwamba ni tambarare kama meza, udongo mweusi, halina jiwe la kurushia ndege.

Fundi alitazama vichaka na majabali ng'ambo ya ua, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Udongo mweusi ni huu uliokanyaga," alimwambia.

"Mtu akiuza," mkewe alisema, "hata kipara hukiita nywele laini."

Kwa kweli la kwao lilikuwa jema, na walilipata kwa bahati. Siku waliyokuja kuonyeshwa, mvua ilikuwa imekata barabara, wakaingilia upande wa kijito, godoro kichwani. Dalali wa enzi hizo, sasa ni marehemu, alihesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, haya, karibuni nyumbani. Bahati kama ile, Fundi aliona, haimjii mtu mara mbili, na kuitafuta tena katika majabali ni kumchosha Mungu.

"Amua, baba watoto," mkewe alisema. "Mimi nimechoka hata kukubaliana na wewe."

"Tulicho nacho kinatutosha," alisema Fundi.

Akatia saini polepole, kama mtu anayepinda ukingo wa gauni la harusi: yeye, jirani wa shamba namba tatu, hana pingamizi shamba namba nne liuzwe kwa yeyote. Mkewe alipangusa mikono, naye akatia yake. Mchana ule walilala usingizi wa wapagazi waliotua mzigo.

Mwezi haukuisha, mnunuzi akaja na mpima ardhi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, mwenye kofia ya ukili na kikohozi cha adabu. Hakuwa na nguruwe. Mke wa Fundi alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu wiki zile, akaenda kubandika chai.

Mpima alianzia barabarani, ramani kwapani, akipigilia vigingi na kuhesabu. Alifika kwenye majabali, akayazunguka, akaendelea. Akapenya ua wa miiba.

"Umepitiliza, bwana," Fundi alimwambia kwa upole, maana kila fundi hukosea. "Namba nne ni lile la mawe."

Mpima alifunua ramani, akaiweka begani pa Fundi ili waitazame pamoja.

"Hapana, mzee. Hesabu huanzia barabarani. La mawe ni la tatu. La nne ndilo hili." Akainama, akapigilia kigingi kati ya jiko na tangi la maji.

Mwalimu aliizunguka nyumba taratibu, akapapasa ukuta, akaufungua na kuufunga mlango wa choo.

"Ajabu," alisema. "Dalali hakuniambia kama lina nyumba."