Pochi Isiyotiwa Hela

Zamu yake ya kulipia mkate ilipofika, mwalimu wa udereva aliinama, akavua kiatu cha kushoto na kutoa noti ndani ya soksi. Muuza duka alizipokea kwa ncha za vidole. Alishazoea. Mtaa mzima ulijua kwamba bwana huyu ana pochi ya ngozi yenye jina kubwa, na kwamba hela hazijawahi kuingia humo.

"Hela zina jasho," alikuwa akiwaeleza wanafunzi wake katikati ya makutano, magari ya nyuma yakiwapigia honi. "Ukiitia pochi kama ile hela, thamani yake kwisha."

Pochi yenyewe ilikaa kwenye boksi lake, ndani ya mfuko wake wa kitambaa, juu ya rafu ambayo zamani ilikuwa ya nguo za mkewe. Nguo zilihamishiwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Risiti ilitiwa kwenye plastiki ngumu kama cheti cha ndoa. Cheti cha ndoa chenyewe hakuna aliyejua kiliko.

Hela zilizonunua pochi zilikuwa za friji. Mkewe aliuza juisi nje ya hospitali, akiipoza kwa barafu ya kununua, na jua likikolea tu barafu ilikuwa maji na wateja wamehamia kwa jirani. Friji waliichangia wote wawili. Siku ya kwenda kuinunua mume alikwenda peke yake, akarudi na kiboksi kinachoenea kwapani.

"Mama watoto, friji ukiitoa dukani tu imeshashuka bei," alimwambia. "Hii inapanda ikiwa imelala. Mwakani tunaiuza, unanunua friji yako na chenji inabaki."

Mke hakupiga kelele. Alimtazama tu mpaka mume akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa chafu. Ilimuuma mke, kwa sababu nyingi ya hela zile zilikuwa zake, za glasi moja moja. Akasema mwakani si mbali.

Mwaka ulipotimia alimwamsha mapema.

"Leo tunaiuza."

"Soko bado halijakaa vizuri, mama watoto."

"Basi naondoka nayo, nikatilie hela za samaki."

Mwalimu alivaa haraka kuliko siku yoyote ya ndoa yao.

Duka la vitu vya kifahari vya mitumba lilikuwa na kiyoyozi, zulia zito, na mwanamke aliyenukia kabla hujamwona. Ndiye mwenye duka. Mke aliketi ukingoni mwa kiti, akiogopa kukichafua. Mume aliweka boksi juu ya meza kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto mchanga.

Mwenye duka akawasha kitochi. Akalizungusha boksi taratibu, akapapasa kona zake, akafungua utepe na kuunusa. Akatoa pochi, akaiweka kando, kisha akainua karatasi laini ya ndani na kuitazama kwenye mwanga.

"Haijapata hata mkunjo!"

"Sisi nyumbani hatugusi," alisema mwalimu, kifua mbele.

"Na mfuko wake upo. Risiti je? Yenyewe kabisa?"

"Hiyo hapo. Kwenye plastiki."

Mwenye duka akashika kifua. "Kaka, hujui ulivyonifurahisha leo. Watu wanatupa siku ileile, halafu wanakuja hapa kunililia."

"Hawana elimu ya uwekezaji," alisema mwalimu kwa huruma kubwa.

Bei ikatajwa. Haikuwa imepanda, lakini friji ilinunulika, na mwalimu aliikubali kabla mwenye duka hajamaliza kuitamka. Noti zikatolewa, mpya, zinazonatana. Akazipokea na kumkabidhi mkewe palepale, mbele ya shahidi.

"Sema sasa. Nilikuwa chizi?"

Mke alizishika zile noti na machozi yakamlengalenga. Mwaka mzima alikuwa amemwita mumewe, kimoyomoyo, majina ambayo hakuthubutu kumtajia hata dada yake.

"Nisamehe, baba watoto," alisema. "Nilidhani umenimalizia jasho langu. Kumbe una kichwa."

"Siku nyingine uwe unanisikiliza."

"Nitakusikiliza."

"Watu waliniita Mheshimiwa Soksi. Hata wewe ulicheka."

"Nilicheka. Nimekosa, mume wangu."

Mwenye duka alikuwa ameshalipanga boksi kabatini, pamoja na mfuko, utepe na risiti yake, akafunga kwa ufunguo na kuhakikisha umefunga. Wakaagana kwa kushikana mikono. Mwalimu akamfungulia mkewe mlango, jambo ambalo mara ya mwisho alilifanya wakiwa wachumba, huku akimweleza kwamba baada ya friji wataingia kwenye mikanda, maana mikanda nayo ina soko lake. Mke aliitikia kila neno.

"Dada!" Mwenye duka aliwafuata mbiombio mpaka mlangoni, akamwekea mke kitu mkononi. "Mmesahau pochi yenu."

Mwalimu akacheka kwa upole, kama mtaalamu anayemrekebisha mwanagenzi. "Mama, si tumeshakuuzia?"

"Pochi? Ya nini, kaka?" Akageuka, akalisogeza pazia la nyuma, na mlio wa vyerehani ukajaa duka zima. "Mimi nimenunua boksi na risiti. Pochi tunashona wenyewe."