Refa Asiyenunulika

Kibii, mtu wa kampeni wa Mheshimiwa Hiram, alimnyooshea refa Nakhumicha bahasha katikati ya uwanja, mchana peupe, mbele ya washika vibendera wake wawili, kama mtu anayegawa karatasi za kampeni.

"Madam refa, hii ni ya chai tu," alisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabenchi. "Kihoto ni nyumbani kwa Mheshimiwa. Leo lazima wasichana wetu washinde. Si tumeelewana?"

Nakhumicha aliipiga ile bahasha ikaanguka vumbini.

"Mwambie Mheshimiwa wako hapa ni mpira, si kampeni. Na utoke kwa uwanja wangu kabla sijaita polisi."

Kibii aliinama, akaiokota, akaipangusa kwa kiganja na kwenda zake akipiga mluzi. Mluzi ule ulimchoma Nakhumicha kuliko bahasha yenyewe. Hata aibu hawana!

Alikuwa mwalimu wa michezo, mkazi wa Kiamunyi, na watu wa mpira kaunti nzima waliijua hasira yake. Mwaka uliopita mgombea mmoja alijaribu kumnunua kule Subukia. Alisimamisha mechi, akaenda redioni akamtaja kwa jina. Tangu hapo hakuna mwanasiasa aliyetaka kumwona karibu na kombe lake. Ndiyo maana alishangaa watu wa Mheshimiwa Hiram walipompigia simu kumwomba achezeshe fainali hii ya wanawake, Kihoto ya Naivasha dhidi ya Kikopey, timu ya hapa hapa Gilgil.

Alikubali kwa ajili ya wasichana. Miaka yote hiyo walikuwa wakiazimana viatu, na Ziwa Naivasha likifurika, wale wa Kihoto walifanya mazoezi barabarani. Hakuna aliyewaona. Uchaguzi ulipokaribia, ghafla kukawa na jezi zenye uso wa Hiram na kombe lenye jina la Hiram. Mshindi angelipiwa ada ya kuingia ligi. Kwa wasichana wale, ligi ilikuwa ni kila kitu.

Hiram alipowasili, Gilgil ilimzomea mpaka akaketi. Alikuwa akiwania kiti kikubwa cha kaunti, na kwao Naivasha kura zilikuwa zake hata akilala. Upande huu hawakutaka kumsikia. Mwezi uliopita walikuwa wamemfukuza Kikopey hata kabla nyama aliyoagiza haijaiva.

Mechi ilianza. Kila mchezaji wa Kihoto alipomgusa mpinzani, Nakhumicha aliona kiganja cha Kibii kikipangusa vumbi. Alipuliza filimbi. Akapuliza tena. Hamtashinda, alijiambia. Si kwa pesa yenu, si leo.

Zilibaki dakika chache, bila bao. Mshambuliaji wa Kikopey akaingia kwenye boksi. Wangui, nahodha wa Kihoto, akateleza na kuutoa mpira nje. Yule mshambuliaji akajikwaa kwake, akaanguka.

Nakhumicha alikuwa karibu. Aliona mguu ukigusa mpira kwanza. Aliona, lakini filimbi ilikuwa tayari mdomoni.

"Penalti!"

"Refa, nimecheza mpira!" Wangui alikuja mbio, machozi yakimlenga. "Sikumgusa hata kidogo! Madam, wewe mwenyewe umeona!"

"Lalamika kwa aliyekununulia jezi."

Msichana alimtazama kama aliyepigwa kofi.

Kikopey walifunga. Kipenga cha mwisho kilipolia, wasichana wa Kihoto walikaa chini pale pale, na Wangui akajifunika uso kwa jezi. Nakhumicha aligeukia upande mwingine. Moyo ulimuuma, lakini alijitetea: angalau mmoja hapa hakupata alichokuja kununua.

Hiram alishika maikrofoni. Watu walianza kuzomea.

"Mimi ni mtu wa Kihoto, mnajua," alisema. "Leo watu wangu wameshindwa, tena kwenye kombe langu mwenyewe. Na mimi nasema haki imetendeka! Kikopey, chukueni kombe lenu! Kiongozi anayependelea kwao, huyo mnyimeni kura!"

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Walewale waliomzomea walimbeba mabegani hadi kwenye gari, wakiimba jina lake mpaka msafara ukaondoka.

Mnafiki mkubwa! Nakhumicha alijiambia kwa hasira. Mchana anatuma bahasha, jioni anahubiri haki. Lazima mtu amwambie. Alipita katikati ya umati akimtafuta Kibii, na akamkuta nyuma ya jukwaa, amempa mgongo, simu sikioni, anacheka.

"Si nilikwambia, mkubwa? Gilgil yote ni yako sasa... Eeh, huyo huyo mwalimu. Molo pia tumwite yeye, fainali ya Jumapili. Sasa niambie, huko unataka nani ashinde, Molo ama Elburgon?" Alisikiliza kidogo. "Molo? Sawa, mkubwa. Basi nitamwendea mapema nimwambie lazima Elburgon washinde."