Mgonjwa wa Bi Nadhira

Ndoo ya pili ya maji ya moto ilipoagizwa, Maher aliingiwa na wasiwasi. Shamima alikuwa na wiki tano tu duniani. Beseni la kuoshea mchele lilimtosha, na nafasi ikabaki.

"Bi Nadhira, ndoo nzima?"

"Nzima. Weka hapo mlangoni, kisha usimame mbali."

Maher akaweka, akasimama mbali, yaani hatua mbili. Amlaumu nani, na yeye ndiye aliyemwita? Siku nne Shamima alilia asubuhi, akalia adhuhuri, akapumzika kidogo alasiri ili apate nguvu za magharibi. Daktari alimpima masikio, kifua na tumbo, akasema mtoto mzima. Jirani wa kulia akaleta maji ya dua, wa kushoto akaleta dawa ya mchango. Maher alivipokea vyote kwa adabu, akavipanga juu ya kabati. Nesi wa kliniki alikuwa kamkazia macho: miezi sita, maziwa ya mama tu, hata tone la maji hapana. Na Maher, fundi wa simu pale Madungu, ni mtu wa kufuata maelekezo.

Ndipo alipotajiwa Bi Nadhira, mkunga mstaafu wa Tibirinzi. Bibi alikuja na mkoba na chupa kubwa ya chai, akaanza maswali hata makubadhi hajavua.

"Tangu lini hajalala?"

"Siku ya nne leo, Bi."

"Anakula?"

"Ananyonya tu. Mama mtu, Widad, hana tabu, kakaa kitandani kimya, hata neno hasemi. Ni huyu mtoto."

Bi Nadhira alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyevaa fulana nje ndani.

"Hata neno hasemi," akarudia. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Sasa maji yalikuwa yakimwagika huko ndani, tena kwa kata, bila huruma. Yalipokoma, harufu ya mafuta ya nazi na karafuu ikapenya chini ya mlango, na viganja vikasikika vikikanda.

"Legeza mabega, mwanangu. Hivyo. Nani kakutia ugumu wote huu?"

Mabega ya mtoto wa wiki tano yana ugumu gani? Maher alisogea hatua moja.

Mara kilio kikabadilika. Kile chembamba cha siku nne kikafifia, kikakatika. Kikaja kingine, kizito, cha kwikwi.

"Lia," Bi Nadhira alisema kwa upole. "Lia, mwanangu, usione haya. Hapana wa kukukataza."

"Bi Nadhira! Kuna nini humo?"

"Kheri tupu. Kaa huko huko, nsije nkakutuma sokoni!"

Maher akakaa. Kwikwi zikapungua, zikawa pumzi. Chupa ikafunguliwa, kijiko kikagonga bakuli.

"Haya, fungua kinywa. Uji huu nimeupika kwa mkono wangu. Kijiko kimoja. Mashaallah. Na cha pili."

Uji! Maher akainuka. Miezi sita, alisema nesi, hata tone la maji, na huyu bibi anahesabu vijiko vya uji! Alishika kitasa. Akakiachia, kumvamia mtu mzima wa umri ule ni fedheha. Akakishika tena. Vijiko vilifika tisa, kisha vikaacha kuhesabiwa, na Bi Nadhira akaanza kuimba, wimbo wa chini chini wa kubembeleza, unakwenda na kurudi kama pembea.

Wimbo nao ukaisha. Nyumba ikawa kimya, kimya cha kwanza kwa siku nne, na kilimtisha Maher kuliko vilio vyote. Fedheha na iwe fedheha. Akasema bismillahi, akasukuma mlango.

"Shhh!" Bi Nadhira alimtolea macho. "Ndiyo kwanza kalala. Mwamshe, utanijua!"

Shamima alikuwa begani kwa bibi, macho makavu, yamefunguka wazi, akimtazama baba yake. Mapajani mwa bibi, nywele mbichi zikinukia karafuu, tone la uji pembeni ya mdomo, alikuwa akikoroma Widad.